Vidole Vifupi, Leva Mbali: Venye Unaweza Kuleta Breki ya Nduthi Karibu Bila Kuiharibu

Kuna wasee wanabeba watu na mizigo na nduthi kila siku hapa Nairobi na hawajawahi kushika breki ya mbele ikashika. Wanajua iko wapi, shida si hapo. Vidole ndio havifiki. Wanaigusa na ncha, wanaona haina nguvu, wanarudi kwa ile ya mguu na maisha inasonga. Alafu siku moja mathree inakatia mbele yao pale Roysambu kubeba mtu mmoja, na ile ya mguu peke yake haitoshi.

Kama hiyo ni wewe, ama ni beshte yako ameanza kazi ya delivery juzi, soma hii pole pole. Kuna vitu hapa za bure unaweza fanya leo jioni na spana moja. Na kuna zingine fundi wa mtaa atakufanyia na roho safi kabisa, na zikumalize.

Tuanze na hesabu kidogo, sitakuchosha. Nduthi ikishika breki, uzito unahamia mbele. Tairi ya mbele inakanyagwa chini inashika lami, ya nyuma inakuwa nyepesi na inaanza kuteleza. Ndio maana breki ya mbele ndio hufanya kazi kubwa ya kusimamisha nduthi, hata kama mtaani umeambiwa ati ukiigusa utaruka juu ya usukani. Sasa ukiwa kwa 50 kwa saa, unakula karibu mita 14 kila sekunde. Ukipoteza nusu sekunde ukitafuta leva na vidole, mita 7 zimeenda kabla breki ianze kushika. Hiyo ni ndefu kuliko mathree ya watu 14.

Na hii si stori ya madem peke yao, ju najua kuna mtu ashaanza kucheka. Kuna majamaa wengi wenye viganja vidogo, tu hawasemi. Dani Pedrosa ni mfupi hivi wa kama mita 1.60 na alishinda mbio 31 za MotoGP. Ana Carrasco wa Uhispania ni mdogo pia, na 2018 alibeba taji la dunia la Supersport 300 akiwashinda wanaume wote waliokuwa kwa hiyo mbio. Tofauti ni kwamba piki za mbio, na piki kubwa nyingi za barabara, hutoka kiwandani na kigurudumu kidogo cha kusogeza leva karibu ama mbali. Boxer yako haina. TVS HLX yako haina. Umepewa leva ya saizi moja, na mkono wako ndio unaambiwa ujipange.

Pima kwanza

Zima nduthi, weka stendi kubwa, kaa juu yake. Shika gripu ya kulia venye hushika ukiwa barabarani, kiganja kimejaa. Sasa nyoosha kidole cha shahada na cha kati. Ile kiungo ya kwanza kutoka kwa ncha inafaa kupita leva na kuikunja kama ndoano. Kama unafikisha ncha tu, ama lazima kiganja kiteleze mbele ndio ufike, leva iko mbali na wewe. Rudia ukiwa na glavu zako, ju glavu nene inakula nafasi yote uliyodhani unayo.

Hiyo ya kiganja kuteleza ni mbaya kuliko inavyokaa. Mkono wa kulia ndio unashika breki, na ndio unashika ekseleta. Ukijinyoosha sana, kiganja kinazunguka na gripu, na unaweza kujipata unashika breki ukiongeza moto wakati huo huo. Watu huita hiyo breki kufeli. Breki haijafeli, ni mkono umefanya kazi mbili.

Vitu za bure

Anza na gripu. Nduthi nyingi za hapa zina usukani wa milimita 22, huo ni mwembamba wa kutosha. Lakini upande wa kulia kuna ile bomba ya plastiki ya ekseleta imevaa juu ya chuma. Sasa ongeza sponji uliuziwa kwa jam, ongeza raba ya tairi ulifungia juu ju gripu ilikuwa imeisha, na umejiwekea karibu sentimita moja kati ya kiganja na leva. Toa hizo vitu. Nunua gripu nyembamba ya raba, ivaliwe vizuri na gundi, ngoja ikauke. Gripu ya kulia ikizunguka peke yake ukiwa barabarani, utatamani ile sponji. Na zile mifuko za ngozi za kuzuia baridi zinafungwa kwa usukani, angalia kama zinabana leva. Za baridi ya Limuru asubuhi naelewa, lakini kuna zingine ukiingiza mkono huwezi fungua vidole.

Alafu angalia pembe. Leva imeshikwa kwa usukani na bolti moja ama mbili. Zilegeze kidogo tu, mpaka leva iweze kuzunguka kwa nguvu. Kaa venye hukaa kawaida, nyoosha mkono, na uzungushe leva mpaka vidole, kifundo cha mkono na mkono wa chini viwe mstari mmoja. Wasee wengi wanapata leva iko juu sana, venye ilitoka dukani, na mtu mfupi anakunja kifundo kuelekea juu ndio aifikie. Kidole kikiwa juu kinafupika. Ukishusha leva kidogo unaongeza urefu ambao ulikuwa nao siku zote. Usiishushe sana mpaka ielekee goti, ju ukiinua mwili utaikosa.

Sasa kuna hii nyingine mafundi wengi hawakuambii. Kama swichi za upande huo zinakubali, sogeza leva yote ndani kidogo kwenye usukani, kuelekea katikati. Vidole vyako vitakuwa vinavuta karibu na ncha ya leva badala ya karibu na pini. Ukivuta sentimita 12 kutoka kwa pini badala ya 9, unapata nguvu zaidi kwa theluthi moja na hujainua chuma hata siku moja. Lakini hakuna cha bure kabisa, ncha ndio hutembea safari ndefu, so breki inafaa kuwa imerekebishwa vizuri ndio leva isigonge gripu kabla ishike. Na ukimaliza, washa nduthi ikiwa nyutro, zungusha usukani mpaka mwisho kushoto alafu kulia. Injini ikipandisha mlio yenyewe, kuna kebo inavutwa. Rudisha nyuma.

Kwa watu wengi hapo ndio mwisho wa stori. Kama bado hufiki, endelea, lakini kabla uguse kitu kingine lazima ujue uko na breki gani.

Dramu ama diski?

Boxer nyingi na HLX nyingi za boda zina dramu mbele: ile ngoma ya chuma katikati ya tairi, na kebo inatoka kwa leva ikishuka mpaka hapo. Kuna matoleo mengine yanakuja na diski. Kujua ni rahisi. Angalia kando ya leva ya kulia. Ukiona kikopo kidogo cha oili chenye kifuniko kimeandikwa DOT 3 ama DOT 4, hiyo ni diski. Ukiona kebo tu, ni dramu.

Usichanganye hizi mbili. Kitu sawa kwa moja inaweza kukuweka KNH kwa ile nyingine.

Kwa dramu, wasee hukimbilia kulegeza kebo. Wanaona leva inalala karibu, wanafurahi. Ukilegeza kebo, leva haijasogea, inarudi pale pale ukiiachilia. Kilichobadilika ni pahali inaanza kushika. Hiyo inaweza saidia, ju vidole vifupi huwa na nguvu leva ikiwa karibu na gripu kuliko ikiwa mbali. Lakini ina mwisho. Manuali nyingi za nduthi ndogo hutaka leva icheze kama milimita 10 hadi 20 kwenye ncha kabla breki ianze kushika. Cheki ya yako. Ukizidisha, utavuta leva yote mpaka iguse gripu na bado nduthi inasonga.

Ukitaka leva yenyewe ikae karibu, tafuta pahali inagota ikirudi. Vuta leva pole pole huku ukiangalia karibu na pini, utaona mwanya mdogo ukifunguka kati ya leva na kile kishikio chake. Hapo ndio mwisho wa safari yake ya kurudi. Ukiweka kipande kigumu hapo, leva haitarudi mpaka mwisho, itabaki karibu na wewe. Na kitu kidogo kinafanya kazi kubwa. Kama hapo pako sentimita 2 kutoka kwa pini na vidole vyako viko sentimita 10, milimita 2 za kipande zinaleta leva karibu kwa sentimita moja nzima. Kwa mkono mdogo hiyo ni mbinguni.

Sasa masharti. Kipande kiwe alumini ama plastiki ngumu, na kishikwe kabisa, na skrubu ndogo ama gundi ile ya kuchanganya mbili. Kadi ya laini imekunjwa haitoshi. Kipande kikianguka, leva inaruka mbali bila kukuambia. Kikihama na kukwama ndani, leva inaweza kushindwa kuvutika. Ukishaweka, kebo itakuwa imevutwa kidogo, so legeza adjasta mpaka leva icheze tena, alafu inua tairi ya mbele uizungushe na mkono. Isiwe na mkwaruzo. Baada ya hapo vuta leva kwa nguvu zako zote. Kati yake na gripu inafaa kubaki nafasi ya kidole kizima. Kama inagonga gripu, shuu za breki zimeisha ama kipande ni kinene. Badilisha shuu kwanza kabla ulaumu kitu kingine.

Kuna kitu watu husahau hapo: taa ya breki. Kwa leva kuna kaswichi kadogo kanabonyezwa leva ikirudi mwisho. Ukizuia leva isirudi, hako kaswichi kanadhani umeshika breki siku nzima. Taa inawaka nyuma masaa yote, na gari iliyo nyuma yako haiwezi jua saa ile umesimama kweli. Ukimaliza kila kitu mwambie mtu asimame nyuma aangalie. Kama taa haizimi, swichi isogezwe, ama hicho kipande kitoke.

Diski: hapa ndio watu huumia

Ile mbinu ya kipande, usiifanye kwa diski. Najua fundi amesema ni kitu kimoja. Si kimoja.

Ndani ya masta silinda, hapo chini ya kile kikopo, kuna katundu kadogo sana kanaunganisha oili ya kikopo na ile imeenda kwa tairi. Leva ikirudi mpaka mwisho, pistoni inarudi na hako katundu kanafunguka. Oili ikipata moto inapanuka, na ile imezidi inarudi kwa kikopo. Ukiweka kipande leva isirudi mwisho, pistoni inabaki imefunika hako katundu. Oili inapata moto, inapanuka, haina pa kwenda. Inasukuma pedi zishike diski kidogo. Diski inapata moto zaidi, oili inapanuka zaidi, pedi zinashika zaidi. Hujagusa leva na tairi ya mbele inaanza kujifunga yenyewe. Sasa fikiria hiyo ikitokea ukiteremka ile barabara ya Mai Mahiu, abiria nyuma, lori mbele, na wewe unashangaa mbona nduthi imekuwa nzito.

Na haitatokea kwa geti ya fundi. Pale kila kitu ni baridi, itakaa sawa kabisa. Inakungoja uende mbali.

Kwa diski, dawa ni leva yenye adjasta yake. Ina kigurudumu kidogo ama skrubu, mara nyingi na namba, na inafanya kazi ju imegawanywa mara mbili. Sehemu ya vidole inasogea, na ile ya kusukuma pistoni inabaki pale pale, inarudi mpaka mwisho kama kawaida. Ukienda kuitafuta Kirinyaga Road, beba leva yako ya zamani mkononi. Usiseme tu "ya Boxer". Mkae mlinganishe shimo la pini, unene, na kile kidomo cha kusukuma pistoni. Kidomo kikiwa kirefu hata kidogo tu, umerudi kwa shida ile ile ya katundu. Ikishafungwa, guse leva na kidole kimoja: inafaa kuwe na kamchezo kadogo sana kabla uhisi pistoni. Kama hakuna kabisa, irudishe. Hakikisha pia kigurudumu kinakaa kwa namba, hakizunguki na mtetemo.

Alafu kuna zile leva fupi za rangi, nyekundu, dhahabu, buluu, zinauzwa kwa picha moto sana. Kwa luku, sina neno. Lakini leva fupi haiko karibu na wewe kwa sababu ni fupi. Imekatwa ncha, umbali kutoka kwa gripu unaweza kuwa ule ule. Na ncha ndio ilikuwa inakupa nguvu. Mtu wa vidole vifupi akiweka hiyo bila adjasta amelipa doh ndio breki iwe ngumu zaidi.

"Lete niikunje"

Hii lazima niiseme peke yake ju ndio jibu la kwanza la mafundi wengi. Unamwambia leva iko mbali, anawasha gesi, anapasha leva moto, anaikunja na bomba. Dakika tano. Inakaa poa hata.

Leva nyingi za hizi nduthi ni alumini iliyomiminwa kwa kalibu. Hiyo haipendi kukunjwa. Ikikunjwa baridi inapata nyufa ndogo huwezi kuona na macho. Ikipashwa moto inakuwa laini pahali ilikuwa imara. Itafanya kazi kwa breki ndogo ndogo za jam za Ngong Road, wiki, hata mwezi. Itavunjika siku utaivuta na nguvu zako zote, na siku hiyo ni ile ulikuwa unaihitaji. Sheria ni hiyo hiyo kwa leva ilijikunja ukianguka. Usiinyooshe. Leva mpya ya kawaida ni kati ya spea za bei ya chini kabisa kwa nduthi nzima.

Klachi nayo?

Mkono wa kushoto shida huwa tofauti kidogo. Inaweza kufika lakini ni nzito, na ukikaa kwa jam ya Jogoo Road dakika arobaini unahisi kiganja kinawaka. Kabla ununue chochote, toa kebo upande wa juu uitie oili nyepesi mpaka itokee chini. Ikiwa nyuzi zimeanza kukatika hapo kwa leva, tupa, weka mpya. Paka grisi kwa pini ya leva. Angalia kama kebo imekunjwa sana mahali inapita, ju kona kali huifanya iwe nzito. Ile mbinu ya kipande inafanya kazi hapa pia kama klachi ni ya kebo, lakini lazima ibaki na mchezo. Klachi isiyocheza inateleza, na sahani zake zitaungua polepole ukidhani ni injini imechoka.

Kama uko kwa nduthi ya stima, hizi mpya za kubadilisha betri, nyingi hazina klachi kabisa, na zingine zimeweka breki ya nyuma kwa mkono wa kushoto kama skuta. Hapo unahitaji leva zote mbili zifike, mguu hauna wa kukusaidia. Nyingi pia zina swichi kwa leva inayokata mota ukishika breki. Ukibadilisha leva na hiyo swichi isibonyezwe vizuri, mota inaweza kuendelea kusukuma ukiwa unasimama, ama ikatae kusukuma kabisa. Kwa hizo, peleka kwa wenye walikuuzia.

Na kama nduthi si yako, unalipa mwenyewe kila jioni, mwambie kabla uguse. Kuzungusha pembe na kutoa sponji hakuna mtu atakataa. Leva ya adjasta unaweza kununua yako, ukaweka ile ya zamani kwa karatasi, siku mkiachana unairudisha.

Ukimaliza chochote kati ya hivi, usiingie barabara kubwa moja kwa moja. Tafuta pahali pako wazi, uwanja ama barabara ya mtaa Jumapili asubuhi. Enda kwa 20, shika ya mbele pole pole ikifuatana na ya nyuma, simama. Rudia mara kumi. Panda 30, rudia. Vuta ukiongeza nguvu kidogo kidogo, usiikabe mara moja, ju sasa vidole vinafika na utashangaa breki ilikuwa na nguvu hivyo siku zote. Kebo mpya hunyooka siku za kwanza, kwa hivyo baada ya siku tatu ama nne rudi na spana, pima ule mchezo wa leva tena, na ukaze bolti zote ulizolegeza.